Gari linanuka kuungua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gari lenye harufu ya kuungua likifika gereji, mara nyingi huwa limeshapoa, halinuki kitu, na dereva ameshasahau harufu ilianza lini. Fundi anabaki kubahatisha. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye swali lile lile: harufu ilikuja ukiwa unafanya nini? Aina ya harufu inasaidia, lakini wakati ilipotokea unasaidia zaidi, na anayeujua ni wewe uliyekuwa kwenye usukani.

Nimeanza kusikia harufu nikiwa barabarani. Nifanye nini sasa hivi?

Kwanza hakikisha ni ya gari lako. Ukifuata lori linaloteremka mlima mrefu, harufu ya breki zake huingia kwako kupitia matundu ya hewa na unaweza kuapa kwamba inatoka kwako. Funga hewa ya nje, iache ya ndani izunguke, na lori litangulie. Harufu ikipotea ndani ya dakika moja au mbili, endelea na safari.

Isipopotea, tazama dashibodi kabla ya kitu kingine. Geji ya joto ikiwa imepanda, au taa nyekundu ya oili ikiwaka, simama mahali pa kwanza penye usalama na uzime injini. Ukiona moshi, au ukisikia harufu ya plastiki au ya petroli mbichi, simama, zima, na wote mshuke kwa upande usiopitiwa na magari. Harufu ya breki au klachi, bila moshi, hukupa nafasi ya kutafuta mahali pazuri pa kusimama. Haikupi nafasi ya kumaliza safari.

Popote utakaposimama, pasiwe juu ya majani makavu. Eksozi yenye moto huyawasha kirahisi, na hapo tatizo dogo la gurudumu linageuka kuwa moto wa pori.

Moshi unatoka kwenye boneti. Niifungue nione?

Usiinyanyue. Moto ulio chini ya boneti hukosa hewa ya kutosha; ukiinua, unaipata yote kwa mkupuo na unakurukia usoni. Kama una mtungi wa poda kavu na moto bado ni mdogo, vuta kile kishikio cha ndani boneti iachie kidogo tu, kisha elekeza poda kwenye huo mwanya. Mtungi mdogo wa gari huisha kwa sekunde chache, kwa hiyo usiufyatue ukiwa mbali. Usipofanikiwa mara moja, ondokeni angalau mita 30 na mwite zimamoto. Simu au begi lililobaki ndani libaki.

Wakati mwingine kinachoonekana ni mvuke wa maji: mweupe, unayeyuka hewani haraka, na una harufu tamu. Hapo rejeta au hosi imetoboka. Zima injini, subiri nusu saa au zaidi, na mfuniko wa rejeta usiuguse. Mfuniko huo hushikilia presha, kwa kawaida karibu bar 1, ili maji yasichemke hata yakipita nyuzi joto 100. Ukiufungua ungali moto, presha inaondoka, maji yanachemka papo hapo na kukuunguza uso na mikono.

Harufu zenyewe zinatofautianaje?

Oili ya injini ikiungua hunuka kama kikaango chenye mafuta kilichosahauliwa motoni: nzito, inakwama kooni. Pedi za breki na pleti ya klachi hutoa harufu kali na kavu, wengine huifananisha na karatasi au nywele zilizoungua. Hizi mbili hufanana sana na hata mafundi huzichanganya. Mkanda ukiteleza ni harufu ya raba. Waya hunuka plastiki, harufu chungu inayokukohoza. Maji ya rejeta yenye kulanti ni matamu kama sukari inayoanza kuungua. Mayai yaliyooza ni habari nyingine, tutaifikia.

Lakini usiiamini pua peke yake, na hasa usiiamini baada ya kukaa ndani dakika kumi. Pua huzoea. Shuka, tembea hatua kadhaa uvute hewa safi, kisha rudi ulizunguke gari: nusa kila gurudumu, nusa mbele kwenye grili, chuchumaa unuse chini ya mlango wa dereva. Mara nyingi harufu iliyokuwa “kila mahali” ndani ya gari hujulikana kuwa inatoka kwenye kona moja tu.

Gurudumu moja linanuka na rimu yake ina moto kuliko nyingine. Ni nini?

Breki ya gurudumu hilo inashika hata usipoikanyaga. Huenda umeshaona dalili nyingine bila kuzijumlisha: gari limekuwa zito, halitembei lenyewe kwenye mteremko mdogo, linavuta upande mmoja, au rimu hiyo inachafuka vumbi jeusi upesi kuliko wenzake.

Hakikisha hivi. Endesha dakika 10 hadi 15 ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama taratibu, kisha pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Linganisha kushoto na kulia kwenye ekseli moja. Magurudumu ya mbele kuwa na moto kuliko ya nyuma ni kawaida, kwa kuwa breki za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa. Upande mmoja kuwaka na mwenzake kuwa vuguvugu si kawaida. Na usimwagie maji diski yenye moto ili “kuipoza”. Inaweza kupinda au kupasuka.

Ikishapoa, ndipo kazi yenyewe. Zuia magurudumu mengine, piga jeki, weka stendi, zungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa gumu, fungua kidogo ile nipeli ya kutolea upepo kwenye kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski). Mafuta ya breki yakichirizika na gurudumu likalegea hapo hapo, kuna presha iliyokuwa imefungiwa ndani: chanzo kinaweza kuwa masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali ya breki), lakini kwenye gurudumu moja pekee mtuhumiwa wa kwanza ni ule mpira wa breki, yaani hosi inayopeleka mafuta kwenye kalipa, ambao umeharibika kwa ndani, unapitisha mafuta ukikanyaga na kuyazuia yasirudi ukiachia. Gurudumu lisipolegea, tatizo liko kwenye chuma: pistoni ya kalipa imeshika kutu, au pini zinazoiwezesha kalipa kuteleza zimekauka.

Jaribio hilo halichukui hata dakika tano, na bado watu wengi hulikwepa. Nimeona gari lililofungwa kalipa mpya mara mbili, na harufu ikarudi mara mbili, kumbe mpira ndio ulioziba. Kwa nje ulionekana mzima kabisa.

Pini zilizokauka husafishwa na kupakwa grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha raba zake na baada ya miezi michache uko pale pale. Pedi zikishaungua, badilisha za magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo. Na kila nipeli inapofunguliwa, mafuta ya breki hujazwa na upepo hutolewa kabla gari halijarudi barabarani.

Jambo moja la kuogopa: mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani kadiri yanavyozeeka. Kiwango cha DOT 3, daraja mojawapo la mafuta ya breki, kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi joto 205. Yakishanyonya maji, kikomo hicho cha kuchemka hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Breki inayoshika hufika huko bila shida. Mafuta yakichemka hutoa mapovu, na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. Kwa hiyo harufu ya breki ikifuatana na pedali laini, safari imeishia hapo.

Harufu hutokea nikiteremka mlima tu. Breki zimeharibika?

Pengine ni namna ya kuendesha. Ukikanyaga breki kidogo kidogo mteremko mzima, hazipati nafasi ya kupoa. Shuka na gia ile ile ambayo ungepandia, au ya chini yake, injini ilizuie gari, kisha kanyaga breki kwa nguvu na kuziachia. Kwenye gari la otomatiki tumia L, 2 au alama ya kushusha gia. Harufu ikiendelea hata hivyo, rudi kwenye swali lililotangulia.

Nimeendesha haendibreki ikiwa juu. Nimeharibu kitu?

Kwa mita mia chache za mwendo mdogo, mara nyingi hakuna madhara ya kudumu. Achia, endesha taratibu ili upepo upoze, na ukifika usiivute tena ikiwa bado ina moto. Acha gari kwenye gia au P na uweke kizuizi kwenye tairi. Kesho yake ijaribu kwenye mteremko kama bado inashika.

Kama zilikuwa kilomita kadhaa hadi moshi ukatoka, fungua ngoma za nyuma zikaguliwe. Viatu vya breki vinaweza kuwa vimekuwa vigumu na kung'aa kama kioo, na raba za silinda ndogo au grisi ya beringi zinaweza kuwa zimepikwa. Kuna pia gari ambalo haendibreki imeshuka kwa mkono lakini kebo imeshika kutu na haikuachia. Dereva husema “nilishusha”, na anasema kweli.

Harufu inakuja nikipanda mlima, nikirudi nyuma au kwenye foleni. Gari ni la manyuo.

Klachi. Inateleza na kujichoma, ama kwa sababu yako ama kwa sababu imekwisha.

Ya kwako ni hii: kulishikilia gari mlimani kwa nusu klachi badala ya breki, kupumzisha mguu juu ya pedali, kusogea sentimita kwa sentimita kwenye foleni badala ya kusubiri nafasi ifunguke. Anayejifunza kuendesha atainusisha mara nyingi tu, na ikiachwa ipoe nusu saa huwa haina neno.

Iliyokwisha hujulikana hivi: ukiwa gia ya tatu au ya nne kwenye mwendo wa wastani, kanyaga mafuta. Injini ikipaza sauti na mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ukapanda huku mwendo ukibaki ule ule, pleti inateleza. Kabla ya kuagiza seti mpya, angalia kama kebo ya klachi ina uchezaji kidogo. Ikikazwa mno, klachi haishiki kamili na mpya nayo itaungua. Na giaboksi ikishashushwa, kagua sili ya nyuma ya krenki, ile raba inayozuia oili ya injini isitoke upande wa klachi. Ikichoka huvujisha oili moja kwa moja kwenye pleti, na kufunga pleti mpya bila kuibadilisha sili hiyo ni kulipia kazi moja mara mbili.

Gari ni la otomatiki na linanuka baada ya kupanda au kuvuta mzigo.

Angalia oili ya giaboksi. Ikiwa na stiki, pima jinsi kitabu cha gari kinavyoagiza, kwa sababu magari mengi hupimwa injini ikinguruma na mengine ikiwa imezimwa. Nyingi huwa nyekundu zikiwa mpya. Ikiwa kahawia iliyokolea na kunuka kama mkate ulioungua, imepikwa. Kupungua kwa oili na mzigo uliozidi uwezo wa gari ndivyo visababishi vya kawaida, pamoja na kipozeo chake kilichoziba.

Ikishafika kuwa nyeusi yenye chengachenga, kubadilisha oili peke yake hakurudishi pleti za ndani zilizokwisha. Wakati mwingine gari huacha kabisa kushika gia siku chache baadaye, na fundi wa mwisho ndiye anayelaumiwa. Uliza kwanza hali ya giaboksi.

Nimebadilisha oili jana, leo linanuka.

Yawezekana ni matone yaliyomwagika kwenye eksozi wakati wa kufungua chujio. Hayo huisha baada ya safari mbili tatu. Ila usikubali jibu hilo bila kufungua boneti. Angalia mfuniko wa kujazia oili upo na umekazwa. Angalia stiki imerudi mahali pake. Mulika chujio jipya kwa chini. Raba ya chujio la zamani hubaki imeganda kwenye injini, fundi akafunga jipya juu yake, na raba mbili zikipandana oili hutoka kwa kasi inayoweza kuimaliza njiani.

Linanuka oili lakini chini ya gari hakuna hata tone.

Kwa sababu halifiki chini. Gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) ikichoka, oili huchuruzika pembeni mwa injini na kudondokea manifoldi ya eksozi, ambayo ina joto la mamia ya nyuzi, na inaungulia hapo hapo. Ndiyo maana harufu huja ukisimama kwenye taa: ukiwa mwendoni, upepo unaipeleka nyuma.

Mulika kwa tochi kuzunguka kingo za tapeti kava, hasa upande wa eksozi, utafute vumbi lililolowa na kuganda. Injini ikiwa chafu mno, ioshwe kwa uangalifu, viunganishi vya umeme vikiwa vimefunikwa, uendeshe siku mbili uangalie upya. Bila hivyo utalaumu sehemu ya chini wakati oili imetoka juu.

Gasketi yenyewe si kazi ngumu kwenye injini nyingi. Kinachosahaulika ni vali ya PCV, kale kavali kanakopitisha mvuke wa ndani ya injini kurudi kwenye hewa ya kuvutwa. Kakiziba, presha inajaa ndani na kuisukuma oili itafute pa kutokea. Gasketi mpya itavuja kama ya kwanza. Ukikuta gasketi imebadilishwa mwaka huu na inavuja tena, anza na vali hiyo.

Mgeni mwingine ni grisi. Mpira wa draivu shafti (mhimili unaozungusha gurudumu) ukichanika, grisi hurushwa kwa mzunguko na kurukia eksozi. Ukiona michirizi myeusi ndani ya rimu ya mbele, umempata.

Harufu ya raba iliyoungua, na asubuhi kuna mlio mkali.

Mkanda unateleza. Unaweza kuwa umelegea, umezeeka, au umelowa oili. Lakini mara nyingine mkanda ni mzima, ila kuna puli iliyogoma: altaneta, kompresa ya AC, pampu ya maji, au tenshena yenyewe (puli inayokaza mkanda). Injini ikiwa imezimwa na funguo ziko mfukoni, toa mkanda uzungushe kila puli kwa mkono. Zote zizunguke kwa ulaini. Inayokwaruza au kukataa ndiyo. Magari mengi pampu ya maji huzungushwa na mkanda huo, kwa hiyo ukikatika, taa ya betri itawaka na geji ya joto itafuata baada ya muda mfupi.

Raba yaweza pia kuwa hosi iliyolegea ikagusa eksozi, au tairi linalokwangua ndani ya kizimba chake baada ya kufungwa saizi isiyo yake. Hilo la tairi huja ukikata kona au ukibeba abiria wengi.

Nasikia harufu ya plastiki au waya.

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu inaweza kuendelea hata gari limezimwa. Zima kila kitu. Harufu ikizidi, na kama hakuna moshi na unaweza kuifikia betri kwa usalama, fungua kwanza waya wa hasi. Usirudi kuwasha “kuona kama bado”.

Gari likishapoa, fikiria kilichoongezwa. Redio mpya, king'ora, taa za ziada, chaja iliyofungwa na mtu aliyebandua waya wa gari na kuusokota na wake kwa tepu: asili ya tatizo mara nyingi iko hapo. Kila kilichoongezwa kinapaswa kuwa na fyuzi yake karibu na betri. Tazama pia soketi za taa za mbele. Balbu ya H4 ya kawaida ni wati 60 na 55. Ukiweka ya wati 100 kwenye waya wa kiwandani, soketi huanza kuwa kahawia, kisha huyeyuka.

Kiunganishi kilicholegea huunguza zaidi ya watu wanavyodhani. Penye mguso mbaya umeme hupata kikwazo, kikwazo huzaa joto, na fyuzi haikatiki kwa sababu umeme unaopita haujazidi. Vishike viunganishi vikubwa kimoja kimoja, vichwa vya betri, athi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi), waya mnene wa altaneta, utafute plastiki iliyobadilika rangi.

Fyuzi inakatika kila mara. Niweke kubwa zaidi?

Hapana, wala usiizibe kwa karatasi ya sigara au kipande cha waya. Fyuzi imepimwa kulingana na unene wa waya. Ukiweka kubwa, waya ndio unaogeuka fyuzi, na umepita chini ya kapeti unayokalia. Rangi za fyuzi za kawaida ni nyekundu 10, bluu 15, njano 20, kijani 30, zote kwa ampia. Fyuzi ya njano penye nafasi ya nyekundu ni ushahidi kwamba kuna mtu alikutangulia.

Harufu huja nikiwasha feni au AC tu.

Kama feni inafanya kazi kwenye spidi ya juu peke yake, rizista yake (kifaa kinachopunguza spidi) imeungua, na kiunganishi chake huenda kimeyeyuka. Badilisha vyote viwili. Majani makavu yakiingia kwenye feni huleta harufu ya vumbi linaloungua. Harufu ikija na AC tu na injini ikaonekana kulemewa, kompresa au beringi ya puli yake inagoma. Zima AC uendelee. Ila kama mlio au harufu haiachi hata ukiizima, usiendelee, maana mkanda uko njiani kukatika.

Harufu ni tamu, na kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafuta.

Kulanti inavuja kwenye rejeta ndogo ya hita, ndani ya dashibodi. Gusa kapeti upande wa abiria wa mbele, mara nyingi utakuta imelowa. Kulanti nyingi zina ethilini glikoli, ambayo ni sumu na ni tamu, hivyo usiache kidimbwi chake penye watoto au mbwa. Dawa za kumimina za kuziba uvujaji zinaweza kukufikisha nyumbani, lakini huziba pia njia nyembamba za hita na rejeta. Mimi sizitumii.

Linanuka mayai yaliyooza.

Kuna njia mbili. Kwanza betri: ukiona imevimba au ina moto, pima volti injini ikiwaka. Kati ya 13.8 na 14.7 ni kawaida. Ikipita 15, altaneta inaijaza kupita kiasi. Usivute sigara wala kuchomoa vichwa vya betri papo hapo, kwa sababu inatoa haidrojeni inayolipuka.

Njia ya pili ni katalitiki, kisafisha moshi kilicho kwenye eksozi. Injini ikimisi, yaani silinda ikikosa kuwaka inavyotakiwa, petroli isiyoungua huenda kuungulia humo, na joto hupanda hadi chuma kikawa chekundu chini ya sakafu. Taa ya injini ikimweka na gari likitetemeka, punguza mwendo na usimame. Rekebisha plagi, koili au injekta kwanza. Katalitiki mpya kwenye injini inayomisi itakufa vivyo hivyo.

Nimefunga pedi, klachi au eksozi mpya. Harufu hii ni ya kawaida?

Kwa siku za kwanza, ndiyo. Gundi na rangi za kiwandani zinaungua, na grisi ya kuzuia kutu inayeyuka. Eksozi mpya inaweza hata kutoa moshi mwepesi kidogo mara ya kwanza. Ikipita kilomita mia chache na bado inanuka, rudisha gari. Kwa gari la dizeli lenye chujio la masizi, harufu ya joto kali pamoja na feni kuendelea kuzunguka baada ya kuzima inaweza kuwa chujio linajisafisha kwa kuyachoma masizi. Liache limalize, na angalia tena hilo jambo la majani makavu.

Gari lilikaa wiki kadhaa bila kutumika, sasa linanuka ajabu.

Panya. Hujenga kiota juu ya injini kwa matambara na nyasi, na hutafuna waya. Fungua boneti kabla ya kuwasha. Mwingine ni mfuko wa plastiki ulionaswa na eksozi barabarani: unanuka vibaya kuliko madhara yake, na hukwanguliwa eksozi ikipoa.

Gari langu ni la umeme au haibridi. Kuna tofauti?

Breki na waya za volti 12 ni zile zile. Tofauti ni betri kubwa. Harufu kali ya kemikali au mvuke kutoka chini ya sakafu inaweza kumaanisha seli zake zinaharibika. Toka, sogea mbali, waambie zimamoto kwamba ni gari la umeme. Betri hizo zinaweza kuwaka tena saa nyingi, hata siku, baada ya kuzimwa, kwa hiyo gari hilo lisiegeshwe karibu na nyumba wala magari mengine. Nyaya za rangi ya machungwa, zinazobeba volti kubwa, si za fundi wa kawaida kugusa.

Fundi amelijaribu, hasikii kitu, anasema gari ni zima.

Huenda kweli hasikii. Usilipie kitu kibadilishwe kwa kukisia. Kwa wiki moja andika kila mara harufu inapotokea: injini ya baridi au ya moto, dakika ngapi tangu uwashe, mwendo, mlima au tambarare, AC, mvua, mzigo, na upande ulioinusa uliposhuka. Kisha usimwachie funguo. Panda naye, uendeshe wewe, urudie hali ile ile. Kama harufu huja baada ya dakika 20 mlimani, mzunguko wa dakika tano kuzunguka gereji hautaonyesha chochote. Ikitokea, simameni hapo hapo na mfungue boneti kukiwa bado na moto.